Waosha wa Mlaleo

Sisi watu wa Mlaleo, huku Kisauni, tukitajiwa mwaka wa kipindupindu hatuinamishi vichwa. Iko mitaa ambayo ukiutaja mwaka huo watu hukugeuzia mazungumzo. Sisi hukukaribisha ukae, tukakwambia habari za Bi Dhahabu.

Bi Dhahabu alikuwa muosha. Kwa muda wa miaka thelathini, mwanamke yeyote aliyefariki mtaani kwetu, mwenye nyumba ya ghorofa au mpangaji wa chumba kimoja, alipita mikononi mwake kabla ya kuvishwa sanda. Alikuwa mfupi, mkavu wa mwili, na sauti yake ilikuwa ya chini hata akikasirika. Riziki yake aliipata kwa kushona kofia za viua. Kazi ya kuosha hakuihesabu kuwa kazi. Alisema ni haki ya maiti, na haki haingoji mtu aone raha.

Mwaka wenyewe ni tisini na saba. Mvua zilizoanza Oktoba hazikukatika. Visima vilijaa hadi mdomoni, na vyoo vya shimo navyo vikajaa vivyo hivyo, vikafurika uani. Mwezi wa Shaabani ulipoandama, watu wakaanza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mtu aliamka mzima, adhuhuri macho yamemwingia ndani, na kufikia alasiri ameshakwenda.

Amri ikaja. Ilikuwa karatasi moja ya Kiingereza yenye muhuri, ikabandikwa mlangoni mwa ofisi ya chifu, na gari lenye kipaza sauti likapita likiitangaza kwa Kiswahili: chakula kilichopikwa kisiuzwe njiani, visima vifungwe mpaka vitiwe dawa, karamu za harusi na matanga zisimame, na maiti wa kipindupindu wasiguswe, watazikwa na watu wa afya.

Karatasi ilikuwa ile ile moja kote ng'ambo zetu, lakini kila upande uliisoma kwa namna yake. Likoni, ambako watu walikuwa bado na makovu ya vurugu za Agosti, ilisimamiwa na askari wenye bunduki. Sinia la mama muuza mahamri lilipigwa teke, na maziko yalikuwa ya watu wanne wasiomjua marehemu. Changamwe, upande wa kuelekea uwanja wa ndege, ilibandikwa ikaachwa hapo ilowe mvua. Watu walipika, wakala, wakaosha maiti wao kama zamani. Na mikutano ya kampeni, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa unakaribia, iliendelea kila mahali, watu wamebanana jasho kwa jasho, wala hapakutokea aliyeizuia.

Kwetu sisi alitumwa bwana afya aliyeitwa Elkana Musyoka. Alikuwa kijana wa Ukambani, mrefu, amevaa viatu vya mpira vilivyompwaya, na daftari kwapani. Hakuwa mtu wa rushwa wala wa matusi. Alikuwa mtu wa amri. Alilolisikia limesemwa juu, alilitenda.

Wa kwanza kuchukuliwa kwetu alikuwa Mwanasaumu, mke wa Jaffar. Jaffar alikuwa akisukuma mkokoteni soko la Kongowea, na siku hiyo alikuwa amebeba viazi vya lori la kutoka bara. Aliporudi, mkewe alikuwa tayari ametiwa ndani ya mfuko wa plastiki, watu wa afya wanamnyanyua.

"Nifungulieni nimwone," Jaffar alisema.

"Pole sana, ndugu," Elkana akamjibu. "Hairuhusiwi."

"Simgusi. Nataka uso tu."

"Hairuhusiwi."

Bi Dhahabu alikuwa amesimama hapo na beseni lake jipya, majani ya mkunazi yameshatwangwa, kafuri iko kwenye kitambaa. Gari likaondoka. Mwanasaumu akaenda kuzikwa upande wa Mwakirunge, karibu na machimbo ya mawe, bila tone la maji, bila sanda, mumewe akikimbia nyuma ya gari mpaka pumzi ikamwishia.

Baada ya siku ile watu hawakuogopa tena ugonjwa. Waliogopa mfuko. Mgonjwa akianza kuharisha, mlango ulifungwa na redio ikafunguliwa kwa sauti ya juu ili jirani asisikie akitapika. Hakuna aliyepelekwa hospitali, maana waliopelekwa na kufa hawakurudishwa. Elkana alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, na kila nyumba ilimjibu kuwa wote wazima, alhamdulillahi. Alijua anadanganywa, lakini daftari lake halikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Siku ya sita akafa mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kisima cha Barazani, ambacho kilikuwa kimeshatiwa dawa na kufunguliwa. Wanawe walimficha, kisha wakamwita Bi Dhahabu. Alikwenda baada ya sala ya alasiri, kwa mlango wa uani. Alimwosha kama alivyowaosha mamia kabla yake: wakachimba ufuo, yaani ule mfereji mdogo chini ya kitanda wa kupitisha maji ya maiti, wakayaelekeza nje nyuma ya ua. Mvua ilikuwa ikinyesha. Bi Dhahabu aliyaona maji yale yakitoka, yakajiunga na maji ya mvua, yakateremka taratibu kwenda upande wa kisima. Aliyaona, akanyamaza, kwa sababu maiti alikuwa mbele yake na haki yake haijatimia.

Siku tatu baadaye nyumba tano zilizokuwa zikichota kisima kile zilikuwa na wagonjwa. Wawili walikufa. Mmoja alikuwa Mishi, rafiki yake wa kushona kofia, aliyekaa naye mkeka mmoja miaka kumi na minane.

Bi Dhahabu hakulia mbele ya mtu. Alikwenda nyumbani, akaoga, akavaa buibui, akatembea kwa miguu hadi ofisi ya chifu, ambako Elkana alikuwa amepewa meza upenuni mwa baraza.

"Shikamoo, mama," Elkana alisema, akainuka.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimekuja kushtakiwa."

"Kushtakiwa kwa lipi?"

"Nimeosha maiti wa kipindupindu, na maji yake yamekwenda kisimani. Mishi amekufa kwa maji yale. Andika."

Elkana aliishika kalamu, lakini hakuandika. Alisema baadaye kwamba tangu afike pwani huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia kweli.

"Mama, wewe ulijua imekatazwa."

"Nilijua. Na wewe ulijua watu wanaficha wagonjwa wao. Unajua kwa nini wanaficha?"

"Wanaogopa sindano?"

"Wanaogopa ule mfuko wako. Mtu wetu hata akiwa mwizi, hata akifia jela, huoshwa. Wewe umetuambia kwamba mwenye kuharisha atatupwa kama mzoga. Basi atakuletea nani mamake?" Alivuta pumzi. "Sisemi ugonjwa hauko. Nimeuona kwa macho yangu ukiteremka mferejini. Nasema nifundishe. Niambie dawa gani nitie, nivae nini, maji niyapeleke wapi. Nitafanya kila unaloniambia. Lakini maiti wa Mlaleo ataoshwa."

"Amri haisemi hivyo, mama."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Isome tena. Mimi Kiingereza sikijui. Nisomee."

Elkana akaondoka mezani, akaibandua karatasi mlangoni, akasoma kwa kidole, neno baada ya neno, akimfasiria. Alipofika kwenye maiti akasita. Akarudi nyuma, akasoma tena. Kipaza sauti kilikuwa kimetangaza kwamba maiti wasiguswe. Karatasi ilisema maiti wasiguswe wala kuoshwa na mtu asiyefunzwa na watu wa afya. Maneno yale machache ya mwisho yaliangushwa mahali fulani, katika kutafsiri au katika haraka, na huko Likoni na kwetu tukazikana kama mbwa kwa ajili yake.

"Basi nifunze," Bi Dhahabu akasema.

Kijana yule aliikunja karatasi, akaitia daftarini. Alikuwa na wakubwa, na wakubwa walikuwa wamekwisha kusikia amri kwa namna ile fupi. Mwisho akasema, "Kesho, saa nne, madrasani. Njoo na wenzako. Wakiniita niulizwe, nitawaonyesha hii karatasi yao."

Aliyekuja kufundisha wanawake alikuwa muuguzi Agneta, wa zahanati, mwanamke wa kutoka magharibi ya Kenya mwenye kicheko kikubwa, maana Elkana mwenyewe asingeweza kuingia chumba cha kuoshea wanawake. Upande wa Bi Dhahabu walikuwa wanne, pamoja na Mwanatumu, binti wa marehemu Mishi, aliyesema hataki kukaa nyumbani kupokea pole. Upande wa wanaume aliwaongoza Maalim Mwinyihaji wa madrasa. Yeye ndiye aliyeulizwa kama maji yenye klorini yanafaa kwa josho, akajibu kwamba maji hayo ni tohara, na kwamba kumlinda aliye hai ni wajibu mkubwa kuliko harufu nzuri.

Agneta aliwafundisha kupima dawa kwa vifuniko, kuvaa glavu bila kugusa upande wa nje, kuziba maiti kwa pamba iliyoloweshwa klorini kali, kisha kumwosha kwa maji yenye dawa, kisha kwa maji ya mkunazi, kisha ya kafuri. Aprani hazikuwako, Mwanatumu akazishona kutoka kwenye turubai la kufunikia mizigo ya sokoni. Ufuo wa nyumbani ukakomeshwa. Palichimbwa shimo moja refu nyuma ya msikiti, mbali na kila kisima, likatiwa chokaa, na kibanda cha makuti kikajengwa juu yake. Jaffar alilichimba shimo hilo kwa siku mbili, karibu peke yake. Alipoambiwa apumzike alisema, "Wangu hakuoshwa. Wa mwingine ataoshwa."

Masharti yakasomwa msikitini siku ya Ijumaa, na Bi Dhahabu ndiye aliyeyapanga. Kila maiti ataoshwa, lakini kibandani tu. Watakaokwenda makaburini ni watu saba. Hakuna kupika wala kula matangani mpaka ugonjwa uondoke. Na mgonjwa atolewe apelekwe zahanati siku ile ile anapoanza kuumwa.

Watu walikubali. Lakini kukubali msikitini ni kitu kimoja. Masharti yale yalipimwa mwanzo wa Ramadhani, alipofariki Nana, mamake Abdillahi, kwa ugonjwa ule ule.

Abdillahi alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu pale Kongowea. Malori yake matatu yalileta mizigo, na nusu ya mtaa ilikuwa imepata kazi kwake wakati mmoja au mwingine. Nana alikuwa bibi wa watu wengi, mkarimu, na Abdillahi aliapa kwamba mamake hatazikwa na watu saba. Bi Dhahabu alipofika na wenzake kumchukua maiti kumpeleka kibandani, alikuta sufuria nne ziko juu ya mafiga, mbuzi wamechinjwa, viti vinateremshwa kwenye gari.

"Abdillahi mwanangu, poleni," Bi Dhahabu alisema. "Hivi vya nini?"

"Vya futari, Bi Dhahabu. Watu watakuja kumzika mamangu, wanatoka hata Malindi. Wafuturu nini? Maji?"

"Wafuturu makwao."

Abdillahi akacheka kidogo, macho mekundu. "Wewe wajua mamangu alikuwa nani. Hakuna aliyepita mlango huu akatoka na njaa. Leo ndiyo niwafungie watu?"

"Leo ndiyo."

"Na kama sikufunga?"

"Basi simwoshi."

Mwanatumu, aliyekuwa amebeba ndoo ya dawa, aliitua chini. Bi Dhahabu hakuwahi kusema neno hilo maishani mwake.

"Bi Dhahabu," Abdillahi alisema polepole, "nitapiga simu Changamwe. Kule wako waosha ambao hawaulizi mtu kinachopikwa."

"Piga. Watamwosha na maji watayamwaga uani kwako, na wageni wako watakula pilau uani hapo hapo. Kisha watarudi Malindi nao wamebeba." Sauti yake haikupanda. "Mamako alikuwa rafiki yangu. Nilipofiwa na mume alinilisha siku arubaini. Nataka kumwosha, wallahi, kuliko unavyotaka wewe. Lakini Mishi amekufa kwa sababu niliona maji yanaelekea kisimani nikanyamaza. Sinyamazi tena, hata kwa Nana."

Abdillahi akaketi kwenye kizingiti cha nyumba yake. Alikaa pale, mtu mzima mwenye mvi, akiitazama mikono yake. Ndani, wanawake walikuwa wakisoma Kurani. Hatimaye alimwita mpishi na kumwambia azime moto na agawe nyama mbichi nyumba kwa nyumba, kila mtu akaipike kwake. Kisha akajifunika uso kwa kilemba na kulia.

Bi Dhahabu alimpitia, akamshika bega, akaingia ndani kumchukua rafiki yake.

Nana alizikwa na watu saba. Habari zikaenea mtaa mzima kabla ya adhana ya magharibi, kwamba Abdillahi wa malori matatu amezima moto. Toka hapo hapakuwa na aliyesema masharti si yake.

Na jambo ambalo Elkana hakulitarajia likatokea. Milango ilifunguka. Watu waliwatoa wagonjwa wao asubuhi na mapema, wakawapakia kwenye mikokoteni kuwapeleka zahanati, maana walijua kwamba hata Mungu akipitisha lake, mtu wao atarudi mikononi mwa Bi Dhahabu. Na kwa kuwa walifika mapema, wakiwa bado na nguvu ya kunywa maji ya chumvi na sukari, wengi wao walipona. Agneta alisema katika kila kitanda cha zahanati walikuwa wakilala watu wawili wawili, na wote wawili wakiondoka kwa miguu.

Wakubwa wa Elkana walimwita kweli. Alikwenda na karatasi, na daftari. Aliwasomea mstari ule, akawaonyesha hesabu ya wagonjwa wa Mlaleo ikishuka wiki baada ya wiki. Hakupewa sifa, lakini hakufukuzwa, na kwa kazi ya serikali hiyo ilikuwa sifa ya kutosha.

Maiti ishirini na watatu walioshwa kibandani. Hakuna muosha hata mmoja aliyeugua.

Liko jambo moja lililobaki. Siku ya pili ya Idi, Elkana alikuja nyumbani kwa Jaffar, amevua viatu vyake vya mpira, amevaa shati safi. Alimwambia kwamba siku ile ya kwanza aliandika daftarini mahali alipolazwa Mwanasaumu, safu ya pili, kaburi la nne kutoka kwenye jiwe jeupe. Kama Jaffar atapenda, atampeleka. Wakaenda Mwakirunge wanaume thelathini, na Maalim Mwinyihaji akamsalia marehemu kaburini pake. Alisema mwenye kufa kwa ugonjwa wa tumbo ana daraja ya shahidi, na kwamba Mola hamdai mja alilonyimwa. Elkana alisimama nyuma, kofia mkononi. Jaffar alipomaliza dua alimfuata, akampa mkono.

Amri iliondolewa baada ya mvua kukatika. Likoni, askari walipoondoka, kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa kabla. Kilichobaki ni chuki. Changamwe hapakuwa na cha kuondoa. Kwetu sisi, chifu alikuja kutangaza kwamba sasa watu wako huru kuosha majumbani, na wazee wakamjibu kwamba wanamshukuru, lakini kibanda wanacho. Wakakijenga kwa mawe, mawe yenyewe ya Mwakirunge, na Abdillahi akatoa lori la kuyabebea. Pilau za matanga zilirudi, lakini pipa la maji yenye bomba na sabuni likasimama mlangoni mwa kila matanga, na mtu hapewi sinia kabla ya kunawa. Watoto waliozaliwa baadaye hudhani ni sunna.

Mwaka wa tisini na tisa ugonjwa ulipochungulia tena, ujumbe ulitoka Likoni. Walikuja wanawake watatu, wakakaa mkekani kwa Bi Dhahabu, wakamwambia hawataki askari tena, wanataka kufunzwa. Alikuwa sasa anatembea kwa bakora. Alivuka feri pamoja na Mwanatumu, ndoo ya dawa katikati yao, na aprani za turubai zimekunjwa vizuri juu yake.

Waliwakuta wanawake arubaini wamejaa darasani, wengine wamesimama madirishani. Mmoja wao, muosha mzee kuliko yeye, aliuliza kwa ukali kidogo kwamba yeye ameosha miaka hamsini, atafunzwa nini na mtu wa Kisauni.

Bi Dhahabu alimwamkia kwanza. Kisha akaweka bakora chini, akavaa glavu taratibu, kidole baada ya kidole, ili kila mtu aone.

"Nami nilikuwa nimeosha miaka thelathini, dada," alisema, "na nikamuua rafiki yangu. Sogea karibu nikuonyeshe maji yalipitia wapi."

Yule mzee akasogea.